Anti, nilipe milioni saba kwa cheti cha wiki nane, au tuezeke nyumba?

BARUA

Shikamoo anti. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Uyole hapa Mbeya na nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha parachichi upande wa Rungwe. Naomba usitaje jina langu wala la kampuni maana huku watu tunajuana.

Nina digrii ya ununuzi na ugavi. Nilianza kama karani wa stoo, sasa hivi ni msimamizi wa zamu, yaani kuanzia gari la mkulima linapoingia getini, mizani, kuchambua saizi, kutupa yaliyochubuka, mpaka kontena la baridi linapofungwa lakiri liende bandarini Dar, hapo katikati kote napita mimi. Msimu ukikolea natoka nyumbani gizani narudi gizani.

Sasa anti, meneja wa operesheni anaondoka. Bosi wetu ni mgeni ila amekaa huku muda mrefu, kwenye kikao akasema nafasi inaweza ikajazwa na mtu wa ndani au wa nje, yeye anachotaka ni mtu mwenye upeo wa kimataifa. Tangu siku hiyo sina amani. Mimi upeo wa kimataifa nitautoa wapi, nimezaliwa Tukuyu nimesoma Mbeya nafanya kazi Rungwe.

Ndo nikakutana na tangazo kwenye simu. Chuo kikubwa cha Marekani, jina ambalo hata mama yangu kijijini ameshalisikia redioni, wanatoa cheti cha eksekyutivu cha uongozi na ugavi, wiki nane, unasoma onlaini kwa muda wako, hakuna mtihani wa kuingia. Nikajaza fomu nipate tu maelezo, kesho yake kijana mmoja akanipigia WhatsApp, mpole kwelikweli, ananiita kwa jina, ananisalimia kila siku. Bei ni dola 2,600. Anasema nafasi zimebaki chache na kuna punguzo la asilimia 10 linaisha Ijumaa. Wiki iliyopita nayo aliniambia linaisha Ijumaa, nilipokaa kimya likasogezwa.

Hiyo hela sina. Ukiweka na bando, makato ya benki na vidogo vidogo naihesabu kama milioni saba tu. Ila kwenye SACCOS yetu akiba yangu inaniruhusu kukopa hiyo, makato kama laki tatu na nusu kwa mwezi kwa miaka miwili, na mshahara wangu mkononi ni milioni moja na laki moja.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Nyumba yetu ya Nsalaga imeshafika juu, imebaki kenchi na bati, na tulishakubaliana mkopo unaofuata ni wa kuezeka kabla ya mvua. Nilipomwambia habari za cheti alicheka akasema milioni saba kwa karatasi ya wiki nane, hiyo hata kwenye muundo wa utumishi haipo. Nikanyamaza. Wakati yeye anasoma digrii yake Chuo Kikuu Huria nililima viazi na mahindi nikawa naongezea ada, na sikumuuliza karatasi ya nini. Lakini hayo sikumwambia, tuyaache.

Kuna kaka tulifanya naye kazi, alisoma kozi ya aina hii, akaiweka LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, haikupita muda akachukuliwa na kampuni kubwa Dar. Kweli alikuwa ameshafanya kazi kwenye mashamba ya maua Kenya kabla ya kuja kwetu, lakini watu wote wanasema kile cheti ndo kilimbeba.

Jambo la mwisho. Nilianza mastazi ya biashara ya jioni hapa hapa Mbeya, masomo ya darasani nikamaliza yote nikabaki na tasnifu. Hapo nikapata mimba ya pili ikawa ya shida, na mwalimu aliyekuwa ananisimamia akahamia mkoa mwingine, mambo yakaishia hapo. Nikiwaza kurudi nachoka kabla sijaanza. Hiki cha wiki nane angalau kinaisha.

Hivi anti, hivi vyeti vina thamani kweli? Na mume wangu nimwambieje? Ijumaa ndo hiyo inakuja. Ndaga sana.

Mama wa Wawili, Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu, ndaga na wewe kwa kuniamini na mambo yako.

Nimeisoma barua yako taratibu. Unaniuliza kuhusu cheti, ila ndani yake kuna cheo unachokiogopa na kukitamani kwa pamoja, kuna paa lililoahidiwa, kuna mastazi iliyokwama, na kuna ile sentensi ya viazi na mahindi ambayo umeiandika halafu ukasema tuyaache. Mimi sitaiacha, nitairudia huko chini. Tuanze na cheti chenyewe kwanza maana Ijumaa inakuchanganya.

Hizi kozi si utapeli, hilo liwe wazi. Vyuo ni vya kweli, maprofesa wanaoongea kwenye video ni wa kweli, na mtu akikaa akasoma kwa makini anatoka na kitu. Utakutana na wanafunzi wenzio wa Lagos, wa Mumbai, wa São Paulo, watu wanaohangaika na makontena yaliyochelewa kama wewe, na kwa mtu aliyefanya kazi sehemu moja muda wote hiyo ina faida yake. Ila ujue zinavyoendeshwa. Mara nyingi chuo kinatoa jina na wahadhiri, halafu kampuni binafsi ndo inatengeneza mtandao wa kusomea, inatafuta wanafunzi, inawapigia simu, na mapato wanagawana. Ni biashara kubwa ya wazi. Mfano GetSmarter, kampuni ya kozi za namna hii, ilianzia Cape Town mwaka 2008, mwaka 2017 ikanunuliwa na kampuni ya Marekani inaitwa 2U kwa dola milioni 103, na hao hao mwaka 2021 wakainunua edX, mtandao wa kozi ambao Harvard na MIT waliuanzisha 2012, kwa dola milioni 800, kisha mwaka 2024 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni. Hao nawatolea mfano tu wa jinsi soko lilivyo, waliokupigia siwajui. Kwa hiyo yule kijana mpole anaweza kabisa kuwa mtu mwema, ila yuko kazini, na kazi yake ni wewe ulipe. Sina ubaya naye. Nasema tu salamu zake za kila siku usizichukue kama ni chuo kinakuhitaji wewe.

Halafu hiyo bei. Kozi nyingi za namna hii kule zinawalenga watu wanaolipiwa na waajiri wao. Sheria ya kodi ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipia mfanyakazi masomo mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila huyo mfanyakazi kukatwa kodi kwenye hiyo hela, sasa dola 2,600 kwa mtu wa hivyo ni fomu anayopeleka kwa bosi wake asainiwe. Wewe unataka kuikopa SACCOS, ukatwe karibu theluthi ya mshahara kwa miaka miwili. Kozi ni ile ile ila uzito wake kwako na kwake hauko sawa, na usipouangalia utajiona mnyonge kwamba mbona wenzangu wanalipa tu.

Thamani sasa. Mumeo aliposema haipo kwenye muundo wa utumishi, kwa upande wake wa serikalini ana hoja. Kozi fupi isiyo na krediti, yaani isiyohesabika kwenye digrii, si digrii na si stashahada, TCU, tume ya vyuo vikuu, wanatambua tuzo za vyuo vya nje kwa taratibu zao na huwezi kuwapelekea cheti cha wiki nane ukitegemea kikuhesabie kama mastazi. Na wala mara nyingi hakikufanyi uwe mhitimu wa kile chuo kwa maana kamili, kwa hiyo hata kwenye sivii inabidi uandike vizuri ni kozi gani na ya muda gani, mtu anayejua asije akakutoa maksi kwa kudhani unajikweza. Lakini wewe huko serikalini hauko. Wewe uko kampuni binafsi, na huko karatasi inapimwa na mtu mmoja au wawili watakaoishika mkononi. Hapo ndipo barua yako iliponisimamisha, kwa sababu anayepaswa kuisoma hiyo karatasi ni bosi wako, na sijaona mahali umeandika kwamba ulimuuliza.

Alisema anataka mtu mwenye upeo wa kimataifa. Hakusema cheti. Cheti umekileta wewe, na naelewa kwa nini, ukiambiwa kitu kipana namna hiyo unatafuta kitu cha kushika. Ila mimi nakaa nawaza mgeni mwenye kiwanda cha parachichi Rungwe anamaanisha nini. Labda anataka mtu anayeweza kukaa na mkaguzi wa GLOBALG.A.P., vile viwango vya kilimo wanavyovitaka wanunuzi wa nje, akamwonyesha kumbukumbu bila kumwita yeye. Labda anataka mtu wa kujibu barua pepe ya mnunuzi wa Ulaya anayelalamika kontena limefika matunda yameanza kulainika, ajue kusema joto lilikuwa ngapi njiani na kosa liko wapi. Labda anawaza masoko mapya, maana Uchina nao walifungua mlango kwa parachichi za Tanzania mwaka 2022 na kila soko lina masharti yake ya wadudu na ya makaratasi. Au labda kweli anapenda majina ya vyuo vikubwa, wapo mabosi wa hivyo. Mimi sijui na wewe hujui, na milioni saba ni nyingi mno kwa kubahatisha mtu mwingine anawaza nini wakati ofisi yake iko mita chache kutoka kwenye mizani yako.

Kumuuliza kuna hatari zake, nakubali. Ataelewa unaitaka nafasi, na usipoipata utabaki unapishana naye kwenye korido mkijua wote. Anaweza pia akakujibu kwa mkato ukaumia. Kuna wengine wanasubiri waonekane wenyewe kwa kazi yao, na kwetu huku tumelelewa hivyo hasa mabinti, usijipeleke mbele. Sasa pima wewe unayemfahamu. Ukiamua kwenda, nenda na karatasi moja tu uliyoandika mwenyewe, msimu uliopita zamu yako ilipitisha tani ngapi, matunda ya kutupwa yalikuwa asilimia ngapi ulipoanza na sasa ni ngapi, makontena mangapi yalirudishiwa lawama. Mwanangu umesema mwenyewe kuanzia getini mpaka lakiri unapita wewe, halafu mistari michache mbele unauliza upeo nitautoa wapi. Nilitamani ungekuwa karibu nikusomee hizo sentensi mbili kwa sauti.

Na ukiwa mle ndani unaweza ukauliza jambo la pili, kama kampuni inaweza kulipia kozi au hata nusu yake. Mabosi wengine wanakubali, wengine wanakubali kwa sharti kwamba usaini kubaki miaka kadhaa au urudishe hela ukiondoka, hilo nalo ulisome vizuri maana linaweza kukufunga usipopewa hicho cheo.

Yule kaka wa Dar sasa. Watu wote wanasema cheti ndo kilimbeba, lakini wewe mwenyewe kwa uaminifu umeandika alitokea kwenye maua Kenya. Mashamba ya maua Kenya ni biashara ya kusafirisha kitu kinachoharibika kwenda Ulaya, na wameifanya kwa miongo mingi kabla yetu. Inawezekana cheti kilisaidia jina lake lionekane LinkedIn na Kenya ikamfanya aajiriwe. Inawezekana pia mimi nimekosea na cheti kilifanya kazi kubwa. Kwani huna namba yake? Muulize alipoitwa kwenye intavyuu walimuuliza nini. Jibu lake litakusaidia kuliko mimi na kuliko hao watu wote wa kiwandani wanaosema.

Kuhusu ile mastazi nitaenda taratibu maana naona inauma. Masomo ya darasani ulimaliza yote, kilichokukwamisha ni mimba ngumu na mwalimu kuhama, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema huna uwezo. Vyuo vina ukomo wa muda wa usajili na sijui wako umefikia wapi, pengine umepita na utaambiwa uanze upya au ulipe faini, pengine bado kuna upenyo wa kupangiwa msimamizi mwingine. Hilo linajulikana kwa kwenda ofisi ya masomo ya uzamili asubuhi moja, gharama yake nauli. Sikusukumi urudi. Tasnifu ni mzigo, inataka usiku mwingi wa kukaa peke yako, na mwenye watoto wadogo na zamu za msimu ana haki ya kusema sasa hivi hapana. Ila nakuuliza kwa upole, hicho cheti cha wiki nane unakitaka kwa ajili ya kilichomo, au unakitaka kwa sababu kinaisha? Yote mawili yanaruhusiwa. Kumaliza kitu kunamrudishia mtu imani, na mimi hilo silidharau hata kidogo. Ni vizuri tu ujue unanunua kipi, kwa sababu kama ni kumaliza unakokutafuta, kuna vya kumaliza vya bei nyingine.

Mfano kwa taaluma yako kuna mitihani ya PSPTB, bodi yetu ya ununuzi na ugavi, ile CPSP, cheti chao cha mtaalamu kamili, mwajiri yeyote wa Tanzania kwenye fani yako anaijua. Ni migumu na haina jina la kumshtua mama Tukuyu, na kama bosi anaangalia nje tu inaweza isimguse. Kwenye edX kozi nyingi za ugavi unaweza kusoma bila kulipa kwa muda fulani, hupati cheti lakini unapata somo, na Coursera, mtandao mwingine wa kozi, wana utaratibu wa kuomba msaada wa ada. Ukijaribu hiyo ya bure wiki mbili tatu msimu ukiwa umekolea, utajijua kama kweli ukifika nyumbani usiku, watoto wamelala, umeme upo au haupo, una nguvu ya kufungua somo na kuandika kazi kwa Kiingereza kabla tarehe haijapita. Hizi kozi za wiki nane zina tarehe kali kila wiki na wengi wanasema masaa manne mpaka sita ya kusoma kwa wiki, kwa mtu wa zamu kama wewe hizo ni usiku mbili au tatu za usingizi, na dirisha la kurudishiwa hela huwa linafungwa mapema kozi ikishaanza. Soma hicho kipengele kabla ya kingine chochote.

Haya, mume.

Alicheka, ukanyamaza. Kwa maandishi yako naona kilichokuumiza zaidi ya kukataliwa ni kile kicheko, kwa sababu wewe zamu yake ulipokuwa unaongezea ada kwa jembe hukucheka. Yeye hajui kwamba hilo bado liko moyoni mwako, hujamwambia. Anachokijua ni kwamba mlikubaliana bati, mvua za Mbeya hazibembelezi mtu, na ghafla milioni saba zinaelekea kwenye simu. Namwelewa. Ukuta ukipigwa na masika nzima bila paa, hasara nayo ni hela. Na wewe nakuelewa, maana nyumba kila mara inakuwa na sababu ya kutangulia, kenchi leo, kesho milango, keshokutwa ada ya mtoto, na mama anaendelea kusubiri mpaka anasahau alikuwa anasubiri nini.

Sijui kama ni vizuri kuyaweka haya mawili kwenye kikao kimoja. Ukianza na cheti mtabishana bei ya cheti. Ukianza na viazi na mahindi anaweza kusikia anadaiwa, wanaume wengine wakisikia deni la zamani wanajifunga. Labda ungemwambia tu ulivyojisikia alipocheka, bila kuweka ombi lolote juu yake, halafu ukamwacha akae nalo siku mbili. Labda yeye mwenyewe atakumbuka ile ada. Asipokumbuka utakuwa na haki ya kumkumbusha, na hapo mtaongea habari za zamu ya nani sasa, ambayo naona ndiyo mazungumzo mnayodaiwa, bati iwepo isiwepo. Inaweza kutokea mkakubaliana bati sasa na masomo yako mwakani yakiwa yameandikwa kwenye bajeti kabisa, inaweza kutokea akasema kopa usome tutafunika kwa turubai, inaweza kutokea mkagombana wiki nzima. Kitu kimoja tu ningekuomba, usikope kimya kimya. Makato ya laki tatu na nusu hayajifichi kwenye nyumba ya watu wawili, na kitakachovunjika hapo hakina mkopo wa kukirudisha.

Kuhusu Ijumaa, umeniambia mwenyewe ilishasogezwa mara moja ulipokaa kimya. Kozi hizi huwa zinafunguliwa tena na tena kwa mwaka. Unaweza kumwandikia yule kijana kwa heshima kwamba unahitaji muda wa kuongea na mwajiri na familia, na umwombe akutumie kwa maandishi mambo matatu, kama kozi ina krediti, nani anasahihisha kazi zako, na sharti la kurudishiwa hela. Akikujibu vizuri, kesho yake pita ofisini kwa bosi kabla zamu haijaanza, ukiwa bado hujachoka.